Muulize Fundi wa Birere: macho ya angani, jicho la redio na droni iliyoanguka harusini

Barua za safari hii zilizofika dukani kwangu, hapa Goma, karibu zote zinatazama juu. Wapo walioandika kwa hofu, wapo walioandika kwa ubishi wa kijiweni, na yupo mmoja ambaye bwana harusi anamdai picha. Nimefupisha salamu (salamu za watu wa Kivu peke yake zinajaza gazeti) na nimejibu kwa kipimo cha kazi yangu, ambayo ni kufungua vitu na kuangalia ndani. Nani anarusha nini dhidi ya nani, hilo lina waandishi wake, mimi simo.

"Jambo sana Papa Fundi. Nyumba yetu ni ya mbao na mabati, huku Ndosho. Usiku tunasikia mngurumo juu, unazunguka hauondoki, si wa ndege ya abiria. Jirani anasema ni droni, ina jicho la joto linalopenya mabati, inatuona kitandani mpaka inahesabu watoto. Mimi huoga nyuma ya nyumba gizani. Siku hizi nikisikia ule mlio nakimbilia ndani na sabuni mwilini. Ni kweli inatuona?"
Mama wa watoto wanne, Ndosho

Jambo mama. Jirani yako amesikia nusu ya maneno, na nusu aliyoikosa ndiyo itakayokufaa.

Kila chenye joto hutoa mionzi ambayo jicho la mtu haliioni: jiwe, mbuzi, sufuria, wewe mwenyewe. Kamera ya joto imetengenezwa kuipokea mionzi hiyo, ile yenye mawimbi ya maikromita 8 hadi 14, na kuichora kwenye skrini kwa weupe na weusi. Ila inachochora ni joto la uso wa kitu, ile ngozi ya juu kabisa iliyoielekea kamera. Ikitazama nyumba yako inaona paa, basi. Haipenyi. Bati jipya hata linaidanganya: kwa mionzi ya namna hiyo bati linaakisi, linarudisha ubaridi wa anga ya usiku, na kwenye skrini paa lako linatokea jeusi. Bati lililoshika kutu au lililopakwa rangi halina ujanja huo, linaonyesha joto lake lenyewe. Ukiwa umewasha makala (makaa ya kupikia) chini yake na nyumba haina dari, aliye juu ataona doa jeupe mahali pa jiko. Doa tu. Hataona maharagwe wala mtoto anayeyasubiri.

Kioo cha dirisha nacho kinaizuia. Wewe ukisimama nyuma ya dirisha lililofungwa unaonekana na watu wote wa barabarani, lakini kamera ya joto haikuoni, inaona kioo. Plastiki nyembamba ni kinyume chake. Niliwahi kushika kamera ya aina hiyo, ya mtu anayekagua nyaya za umeme, nikaingiza mkono ndani ya mfuko mweusi wa sokoni mpaka kwenye kiwiko. Kwa macho, mkono umepotea. Kwenye skrini, vidole vyote vinachezacheza vyeupe kana kwamba mfuko haupo. (Mfuko wenyewe usiuvushe kwenda Gisenyi. Rwanda iliipiga marufuku tangu 2008, na pale mpakani watakunyang'anya hata ukisema ni wa majaribio ya sayansi.)

Kwa hiyo mama, tuje kwenye bafu. Kama umelizungushia plastiki nyembamba na juu ni wazi, aliye angani usiku anaweza kuona umbo la mtu, jeupe, lenye kichwa na mikono. Sura hataiona, kwa umbali wa kilomita kadhaa hawezi kukutofautisha na huyo jirani yako. Lakini mwili ni wako na heshima ni yako. Tafuta mabati mawili, hata ya zamani, uyaweke juu ya bafu. Ubavuni weka mbao au bati. Kisha uoge taratibu, usikimbie na sabuni, utateleza kwenye mawe.

"Papa Fundi, mimi nilikuwa bado shule ya msingi droni za kwanza zilipokuja Goma. Wakubwa wanabishana kila jioni. Mmoja anasema zilikuwa za Wamarekani na zilibeba mabomu. Mwingine anasema hazikuwahi kuona kitu chochote. Tuamulie."
Kijana wa Majengo

Wote wawili wamekosa, ila wa pili amekosa kidogo. Droni zile zilikuwa za MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani hapa Kongo. Baraza la Usalama lilikubali mpango huo mwanzoni mwa 2013, na tarehe 3 Desemba 2013, mbele ya Hervé Ladsous, aliyekuwa mkuu wa shughuli za kulinda amani za Umoja wa Mataifa, zikazinduliwa hapa hapa kwenye uwanja wetu wa ndege. Zilitengenezwa Italia na kampuni ya Selex ES, zikiitwa Falco, jina la kipanga kwa lugha yao. Mabawa yake kutoka ncha hadi ncha ni mita 7.2. Inaporuka ikiwa imejaa ina uzito wa kilo 420, na kati ya hizo kilo 70 hivi ndizo za kamera na vifaa vingine. Bomu halikuwemo.

Wala Goma haikuwa ya kwanza nchini. Wakati wa uchaguzi wa 2006 Wabelgiji walileta Kinshasa droni zao za B-Hunter, pamoja na jeshi la Ulaya lililokuja kulinda uchaguzi. Moja ilitunguliwa mwezi Julai. Nyingine ilianguka mjini tarehe 5 Oktoba, ikamuua mtu mmoja na kujeruhi wengine. Hata hizi za kwetu, moja ilianguka uwanjani Goma Januari 2014, mwezi mmoja na kidogo baada ya sherehe, na nyingine ikaanguka Oktoba mwaka huo huo.

Ziliona kitu? Ziliona. Mei 2014 Falco moja ilikuwa inapita juu ya Ziwa Kivu ikakuta mtumbwi unazama. Walinzi wa amani wakatuma boti za kasi na helikopta, na watu zaidi ya 10 wakatolewa majini wakiwa hai. Hiyo mwambie yule mzee wa pili. Lakini mwambie pia kilichofanya siku ile iwe nzuri: boti zilikuwa karibu, zina mafuta, na aliyekuwa mbele ya skrini alisema upesi. Droni ya namna ile inahitaji mtu wa kuiendesha na mtu wa kugeuza kamera, na kamera ikivutwa karibu ili uone mtumbwi mmoja, mitumbwi mingine yote imeshatoka kwenye picha. Kisha kuna milima ya Masisi. Kuona moshi ni kazi ya kamera. Kufika kwenye moshi ni kazi ya barabara, na barabara zetu mnazijua.

"Fundi, kule kwetu kimeanguka kitu kidogo chenye mapanga manne ya kuzunguka, shambani kwa mama mmoja mjane. Watu wanasema ni ndege ya wachawi, na anayeiendesha ni mjukuu wake wa miaka tisa. Wengine wanataka kumpeleka mtoto kwa wachungaji wamfungie. Wewe unasemaje?"
Jina ninalo, mtaa siutaji

Nasema mtoto aachwe, leo. Sheria ya nchi ya kumlinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inakataza kabisa kumshtaki mtoto uchawi. Hilo ni kosa lenye adhabu, na mchungaji hana msamaha ndani yake. Wasomeeni wanaopiga kelele.

Kitu chenyewe msikiguse. Kinaweza kuwa cha mpiga picha, kinaweza kuwa kimefungiwa kilipuzi, na kwa kukitazama huwezi kujua. Watoto wakae mbali, na wenye kazi ya kutegua mabomu waarifiwe. Hata kisipokuwa na kilipuzi, betri ya lithiamu iliyopondeka inaweza kuwaka peke yake baada ya saa nyingi, na moto wake ni mkali. Kama kweli ni uchawi, mbona kina nambari ya kiwanda chini ya tumbo?

"Jambo Fundi. Nasoma mambo ya kompyuta hapa Bukavu. Katika kusoma nakutana na Gorgon Stare, ARGUS, GoldenEye, Palantir. Kwa nini hawa watu wanapenda majina ya macho na uchawi? Je, vitu vyenyewe vinatenda kama majina yao?"
Mwanafunzi, Nguba

Mdogo wangu, anayemuuzia jenerali kamera hawezi kuiita Kamera Namba Tatu. Hapo ndipo majina yanapoanzia. Lakini swali lako lina utamu, acha nikae nalo.

Argus, kwa Wagiriki wa kale, alikuwa mlinzi mwenye macho mia. Mengine yakilala mengine yako macho, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumpita. Mungu wa kike Hera akampa kazi ya kumchunga ng'ombe mmoja. Akatumwa Hermes, mjumbe wa miungu, amwondoe. Hermes hakuja na panga mkononi, alikuja na filimbi na hadithi ndefu, akapiga na kusimulia mpaka macho yote mia yakafumba, ndipo akamkata kichwa. Hera akayachukua yale macho akayapachika kwenye mkia wa tausi. Sasa tazama: Wamarekani wameiita kamera yao ARGUS, na kampuni ya Elbit ya Israeli imeziita droni zake Hermes. Mlinzi na aliyemchinja wameajiriwa kazi moja! Sijui kama waliopanga majina hayo walisoma hadithi mpaka mwisho.

ARGUS yenyewe ukiifungua inafurahisha roho ya fundi. BAE Systems waliitengeneza kwa ajili ya DARPA, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani. Hakuna jicho moja kubwa la ajabu mle ndani. Kuna chipu 368 za kamera, kila moja ya megapikseli 5, za jamii ile ile ninayoibandua kila siku kwenye simu zilizoanguka chooni. Zimepangwa pamoja, na picha zake zinashonwa kuwa picha moja ya pikseli bilioni 1.8. Kutoka juu kilomita 5 hivi inaweza kuonyesha kitu cha sentimita 15. Kitu cha sentimita 15 ni kiatu cha mtoto. Lakini hata hapo huwezi kusoma jina la mtu usoni pake.

Gorgon ni yule mwanamke mwenye nyoka kichwani, ukimtazama unageuka jiwe. Gorgon Stare ni mfumo wa kamera nyingi, za mchana na za joto, unaofungwa chini ya droni ya Reaper ili kutazama mji mzima badala ya nyumba moja. Mwisho wa 2010 wapimaji wa jeshi la anga la Marekani wenyewe waliujaribu wakaandika kwamba haujafaa kwa kazi. Ulipelekwa Afghanistan 2011 hata hivyo, na baadaye ukaboreshwa kwa teknolojia ya ARGUS. Shida kubwa ya vitu hivi haijawahi kuwa kuona. Ni nani atakaa kutazama mji mzima saa zote? Nipe wewe saa nzima ya picha ya rond-point Chukudu, mzunguko wa barabara hapa Goma, kutoka juu, uniambie ni motari (mwendesha pikipiki) gani amebeba kitu kibaya.

Mengine nitayapitia haraka. GoldenEye ilikuwa droni ndogo yenye panga moja kubwa ndani ya pipa, kazi ya kampuni ya Aurora ya Marekani. Kampuni hiyo hiyo ikatengeneza nyingine, Orion, chini ya mradi ulioitwa MAGIC. Waliunganisha herufi za mwanzo za maneno marefu hadi yakatoa uchawi. Uchawi wake ni mafuta na mabawa marefu: Desemba 2014 ilikaa angani saa 80 bila kutua. Wafaransa walishafanya mchezo huo miaka ya 1970 kwa kombora la Matra lililoitwa R550 Magic, yaani Missile auto-guidé interception et combat (kombora linalojiongoza la kuzuia na kupigana), nalo lina jicho la joto puani linalofuata moto wa injini ya ndege ya adui. Eagle Eye ya kampuni ya Bell, jicho la tai, mfano wake ulianguka 2006, na walinzi wa pwani wa Marekani waliokuwa wanaisubiri hawakuipata. Phantom, ile droni nyeupe ya harusi iliyotoka 2013, maana yake ni mzuka. Nimeifungua mara nyingi, mzuka sijaukuta, nimekuta mchanga.

Palantir haina jicho hata moja. Ni kampuni ya programu iliyoanzishwa Marekani 2003, na pesa za mwanzo zilitoka kwa watu akiwemo mwekezaji wa shirika la ujasusi la CIA. Kazi yake ni kuunganisha data za watu wengine. Jina limetoka kwenye hadithi ya Kiingereza yenye mawe ya kuonea mambo ya mbali. Ndani ya hadithi hiyo mawe hayasemi uongo, lakini anayeyatazama anaonyeshwa kipande tu, na mmoja wa wanaoyatazama anakata tamaa kwa sababu ya kipande alichoonyeshwa. Wewe unayesomea kompyuta, hapo ndipo pa kuanzia maswali yako: data gani iliingia, nani aliichagua.

Na sisi tuliokua wakati wa Zaire majina hayatutishi sana. Kila jioni kabla ya habari za televisheni uso wa rais Mobutu ulikuwa unashuka kutoka mawinguni. Hakuwa na kamera huko juu. Alikuwa na watu huku chini, kwenye kila avenyu.

"Fundi mpendwa, nimerithi kwa marehemu baba redio ya lampu, Philips, yenye œil magique (jicho la maajabu). Zamani lile jicho la kijani lilikuwa linafumba na kufumbua ukitafuta stesheni. Sasa redio inaongea lakini jicho limekufa. Wajukuu hawaamini kwamba liliwahi kuwaka. Linaweza kufufuka?"
Mzee wa Muhumba, Bukavu

Mzee wangu, barua yako nimeisoma mara mbili kwa raha. Hizi redio zimebaki chache, na zinazofika kwangu nyingi zimeshafanywa kiota cha mende.

Jicho hilo ni lampu kama zile nyingine za redio. Alilibuni Mmarekani Allen DuMont, kampuni ya RCA ikaliuza kuanzia 1935, na Philips wa Uholanzi wakatengeneza ya kwao. Ndani yake kuna kisahani kilichopakwa unga unaong'aa kijani ukipigwa na elektroni. Katikati kuna kijiti kinachoweka kivuli. Stesheni ikiwa dhaifu kivuli kinapanuka, ikiwa na nguvu kivuli kinajikunja, jicho linajaa kijani, nawe unajua umefika bila kuinua sauti na kuamsha nyumba. Kazi yake inaishia hapo. Halijui stesheni inasema nini. Wazee wetu walikaa wakilitazama wakati wa uhuru, 1960, na jicho lilijaa kijani sawasawa kwa habari za kweli na kwa uvumi.

Sasa, ugonjwa. Zima redio, chomoa waya ukutani, kisha usiguse kitu. Kondensata za mle ndani zinashika umeme wa volti 250 na zaidi hata baada ya kuchomoa, na kwa umri wako sitaki kusikia habari mbaya kutoka Muhumba. Mwite fundi aziondolee umeme kwanza. Halafu asome maandishi kwenye lampu. Ikianza na EM, sawa. Ikianza na UM, mwambie asikilize vizuri: redio za namna hiyo chasisi yake inaweza kuwa imeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, ukigusa chuma umegusa waya.

Baada ya hapo mambo ni matatu. Kwanza, je, kale kawaya ndani ya lampu kanawaka wekundu? Kama hakawaki, lampu imekufa kabisa, au soketi imeshika kutu. Pili, je, umeme wa volti 250 unafika kwenye kisahani? Tatu, jicho likiwaka lakini halichezi, atafute rezistansi ndogo ya megaomu 1 iliyofichwa kwenye soketi ya jicho; hiyo huzeeka, na kuibadilisha ni senti. Sasa likiwaka hafifu, la kuonekana gizani tu, hiyo ni unga uliochoka na hakuna dawa. Atakayekuambia anaufufua anataka dola zako. Lampu mpya zilizobaki kwenye maghala ya zamani bado zinauzwa Ulaya, ila usiagize kabla hujasoma namba: EM34 ina miguu minane minene, EM80 ina tisa myembamba, haziingiliani hata kwa nyundo.

Ukilifufua, wape wajukuu kazi ya kutafuta stesheni za mawimbi mafupi usiku, taa zimezimwa.

"Nilienda Kampala nikaona barabarani vitu vinavyowaka usiku gari likija, kisha vinazimika. Vina betri? Dereva aliviita macho ya paka."
Mfanyabiashara wa Birere

Havina betri wala waya. Percy Shaw, Mwingereza wa Yorkshire, alivibuni 1934. Ni vipande vya kioo vinavyorudisha mwanga wa taa za gari kule kule ulikotoka, ndiyo maana wewe uliye nyuma ya taa unaviona na mwenye miguu kando ya barabara havioni. Vile vya Shaw vilikaa ndani ya raba: gurudumu likipanda juu, kioo kinazama na raba inakifuta vumbi. Angekuja kwetu angelazimika kwanza kutafuta lami ya kuvipachika.

"Papa Fundi, kwa nini wasiweke droni juu ya Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, itutazamie moto? 2021 tungepata nafasi ya kukimbia mapema."
Dada wa Buhene

Pole dada, najua mtaa wako ulivyopitiwa na uji wa moto tarehe 22 Mei. Droni ya kamera inaona uso wa kitu, kama nilivyomwambia mama wa Ndosho. Kilele kile kina mita 3,470, siku nyingi kimefunikwa na wingu na moshi, na upepo wake unaweza kuibamiza ndege ndogo ukutani mwa shimo. Na hata ingeona vizuri, wanasayansi waliochunguza baadaye walikuta kwamba dalili za wazi za mlima kupasuka zilianza chini ya saa moja kabla. Mlipasukia ubavuni. Aliyekuwa anatazama ziwa la moto kileleni angekuwa anatazama pengine.

Kilichotuonya siku zilizofuata hakikuwa na kamera. Kulikuwa na vipima mitetemeko vya Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, na kulikuwa na radari ya setilaiti ya Ulaya, Sentinel-1, inayopita kilomita 700 hivi juu yetu. Radari hupenya wingu. Inapima mahali pale pale katika safari mbili, na kulinganisha: ardhi ikiwa imeinuka au imeachana kwa sentimita chache, inaonekana. Vyote viwili vilionyesha uji wa moto umejisogeza chini ya ardhi, chini ya Goma yenyewe, kuelekea ziwani. Ndipo tarehe 27 Mei alfajiri tukaamriwa kuhama kartie (mitaa) 10. Sisi tulipita njia ya Sake na magodoro kichwani, wengine Gisenyi, wengine majini. Uji haukutoka. Wapo wanaosema hadi leo kwamba tulihamishwa bure. Mimi si mmoja wao; nilihisi sakafu ya duka langu ikicheza.

Unachoweza kudai, dada, ni vifaa vya kituo hicho vitunzwe, vilindwe visiibiwe, na watu wake walipwe. Kifaa kilichozikwa kwenye kichaka na betri yake imeibwa hakitakuamsha usiku.

"Fundi, droni yangu ndogo ya gramu 249 imeanguka harusini Himbi. Inaruka, lakini picha inatetemeka kama maji na kamera imeinama. Bwana harusi hajanilipa. Tena kabla ya kuanguka ilikuwa inazunguka yenyewe kama imerogwa. Nifanyeje?"
Mpiga picha, Katindo

Haijarogwa. Uliiweka wapi ulipokuwa unaisawazishia dira? Nakisia: chini, kwenye parsela (uani), juu ya mawe meusi ya volkano. Mawe hayo yana chuma ndani yake na yanavuta sumaku ya dira. Droni ikianza safari na kaskazini ya uongo, ikifika juu inapishana na satelaiti zake na kuanza kuzunguka. Safari nyingine iinue juu mkononi, mbali na mawe, na mbali na saruji yenye nondo na magari.

Kamera iliyoinama: tazama kwa lupe (kioo cha kukuzia) kile kikono cha mota tatu kinachoituliza. Kati ya mota na mota hupita utepe wa nyaya, mwembamba kuliko karatasi. Karibu kila inayoanguka unachanika hapo penye kona, mstari mdogo mweupe usiouona kwa macho matupu. Usiugundishe na gundi, ubadilishe. Angalia pia raba zinazoshikilia kikono. Moja ikichomoka picha inatetemeka hata kama kila kitu kingine ni kizima. Mapanga yenye ufa yatupe, usiyalainishe kwa msasa. Betri iliyovimba usiijaze tena umeme, na usiilete dukani kwangu mfukoni.

Halafu, mdogo wangu, kibali unacho? Kwa hali ya mji wetu, mlio wa droni juu ya uwanja wa harusi hauwaambii wageni kwamba kuna picha. Bibi harusi anatabasamu, na nusu ya wakwe wanatafuta mlango. Mwenye bunduki akiwa karibu hatauliza kama ni ya gramu 249. Kwa sasa kodisha ngazi ya mbao kwa mpaka rangi, panda nayo na kamera yako ya kawaida. Keki inaonekana vizuri kutoka huko, na bwana harusi atalipa.